Karatasi Aliyoisoma Mselem

Jumatatu, 28 Aprili
Shule imefunguliwa. Daftari hili nimepewa kwa maandalio ya masomo, lakini maandalio yangu ya mwaka jana yangali yanafaa, kwa hiyo nimelifanya langu mwenyewe. Kidato cha nne nimewaanzia sera ya kigeni ya Kenya: maana, malengo, misingi. Misingi ni sita. Wasichana wameinakili yote na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kana kwamba wino ndio unaosoma. Mvua tangu alfajiri. Paa la darasa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Jumanne, 29 Aprili
Mselem amepiga simu. Ni kitinda mimba wetu, fundi msaidizi wa injini katika meli ya mizigo huko Ghuba, na mwezi ujao atatimiza mwaka mmoja huko. Anasema meli imezuiliwa, wametia nanga mbali na gati, ni mambo ya mahakama tu, yatakwisha. Nahodha ameshuka na mkoba wake kwenda kuonana na wenye meli na wiki mbili hajarudi. Mafuta ya jenereta yamekwisha. Simu wanazitia chaji Jumanne, boti ya walinzi inapowapelekea maji.

Nilimwambia kwamba nahodha anayeshuka na mkoba harudi. Akacheka, akasema walimu tuna roho mbaya.

Ijumaa, 2 Mei
Mvua. Sare za wanafunzi wa bweni hazikauki.

Jumanne, 6 Mei
Leo Mselem alikuwa na furaha hata nikalazimika kumwambia apunguze sauti. Maafisa wa bandari walipanda melini na mtu wa mahakama. Mabaharia wako kumi na mmoja: Wafilipino, Wahindi, mzee mmoja wa Jojia, na yeye Mselem wa kijijini kwetu Bodo peke yake. Afisa akauliza nani anajua Kiarabu. Wote wakamtazama ndugu yangu, maana ndiye waliyemwona akisoma msahafu kila asubuhi.

"Nikapewa karatasi, Dada, nikaisoma mbele yao mwanzo mpaka mwisho. Afisa akaniambia masha Allah. Akanipa kalamu nikatia saini kwa niaba ya wenzangu wote."

Nilimuuliza karatasi yenyewe ilisema nini. Alisema ni ya kuwaruhusu watu kuteremka, bila shaka, kwa sababu baada ya hapo wenzake waliambiwa wafunge mizigo. Akajirekodi akiisoma, akampelekea mkewe, Bushra, ili Baba asikie.

Jumapili, 11 Mei
Nimekwenda Bodo. Tope la kuingia kijijini limefika kwenye vifundo vya miguu, nikavua viatu.

Baba amefundisha katika chuo cha Kurani cha Bodo miaka arobaini na mbili. Watu wengi wa huku wakimsikia mtu anasoma sawasawa humuuliza kama alipitia kwa Maalim Kassim. Ana desturi moja ambayo bado naiota: mtoto akikosea, Baba haneni neno. Hugonga jamvi kwa kifundo cha kidole, mara moja, nawe unarudi mwanzo wa aya. Mimi niligongewa mara nyingi. Mselem karibu hakugongewa.

Leo nilimkuta barazani amezungukwa na watoto wa chuo, simu ya Bushra mkononi, anawasikilizisha sauti ya Mselem. Akawaambia huyu mliyemsikia alikaa mahali mlipokaa ninyi, na leo Waarabu wenyewe wamemkabidhi karatasi yao aisome. Aliniona, akairudisha sauti mwanzo ili nami nisikie. Sijamwona Baba akiringa maishani mwangu, na nilimwonea fahari.

Bushra alikuwa jikoni na binti yao, Ummi, wa miezi kumi. Baba yake hajamwona ila kwenye simu. Bushra amenunua rangi, anapaka chumba.

Jumanne, 13 Mei
Wafilipino wameondoka. Ubalozi wao ulikuja na boti na begi jipya kwa kila mtu. Mselem ameambiwa angoje.

Jumatano, 14 Mei
Sikuandika kitu cha maana leo na hiki nacho si cha maana. Mtungi wa gesi umeisha.

Jumanne, 20 Mei
Wahindi nao wamekwenda. Wamebaki Mselem na yule mzee wa Jojia, na mzee anateremshwa Alhamisi. Mselem alimuuliza afisa zamu yake ni lini, yule akamwonyesha ile karatasi na kumpiga bega. Nimemwambia anipigie picha karatasi nzima, kila upande.

Jumamosi, 24 Mei
Ndiyo kwanza nimetoka Bongwe. Viatu vina tope na sijabadili nguo. Nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Ustadh Muzammil anakaa Bongwe. Alisoma ng'ambo miaka saba na Kiarabu anakizungumza kama sisi tunavyozungumza Kidigo. Nilimpa simu yangu, akakuza ile picha kwa vidole, akaisoma kimya. Akairudia. Kisha akaniuliza nani aliyemfasiria ndugu yangu kabla hajatia saini.

"Hakuna. Aliisoma mwenyewe."

"Anajua Kiarabu?"

"Anajua kusoma."

"Dada Mwanapili, kusoma sikuulizi."

Akanifasiria polepole, kidole juu ya kila mstari. Mahakama imeishika meli kwa madai yaliyo juu ya mwenye meli. Nahodha hayupo na mwenyewe haonekani. Kwa hiyo Mselem bin Kassim, mbele ya mashahidi, baada ya kuisoma hati hii na kuielewa, amekubali kuwa mlinzi wa meli kisheria, naye hatatoka ndani yake mpaka meli iuzwe au mahakama iamue vingine.

Nilisema basi aende akaseme hakuielewa. Ustadh akaomba kuisikia ile sauti iliyorekodiwa, niliyopelekewa na Bushra, akaisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema bismillahi ameitoa vizuri sana, aliyemfundisha apewe kheri. Huko chini karatasi haina irabu, amejitilia za kwake, na makosa ni mengi. "Lakini hasiti," akasema. "Mtu anayesoma hivi mbele ya afisa, kesho akisema hakuelewa, afisa atamwona mwongo."

Kutoka Bongwe mpaka hapa Msambweni nilimchukia Baba. Nilikumbuka kila kugongwa kwa jamvi. Miaka yote ile tulifundishwa herufi inatoka sehemu gani ya koo, ivutwe kiasi gani, na hakuna aliyetuambia neno lina nini ndani, kwa kuwa naye hakuambiwa. Hakuna aliyeona kasoro. Huku kwetu mtoto akihitimu msahafu huchinjiwa mbuzi, na wote waliokula mbuzi wa Mselem hawakumuuliza maana ya aya hata moja. Mimi nilikuwamo nikila.

Halafu chuki ikanigeukia. Na mimi je? Siku Mselem aliponiambia ametia saini, niliuliza karatasi inasema nini, akanijibu bila shaka, nikaridhika. Ningemwomba picha nikaipeleka kwa Ustadh siku ileile. Hata hivyo ningekuwa nimechelewa, saini ilikuwa imekauka.

Jumanne, 27 Mei
Nilimweleza Mselem karatasi inasema nini. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi na meli sasa ni kitu kimoja."

Ameniomba nisimwambie Baba.

Jumatatu, 2 Juni
Yule wakala wa Mombasa aliyempeleka Mselem amefunga ofisi. Mlango una kufuli na pembeni mtu anauza chipsi. Kwa hiyo nimeiandikia wizara ya mambo ya nje, Nairobi, kwa barua pepe mara tatu, na leo nimepigiwa. Alikuwa msichana mwenye adabu, Kiswahili chake cha bara.

"Madamu, faili yenu tunayo. Shida ni moja, hiyo ni korti ya nchi ingine. Kenya haiingilii mambo ya ndani ya nchi zingine."

Msingi wa tatu. Miaka tisa nimeufundisha, na kila mwaka nawaambia wasichana ndio rahisi kuukumbuka. Msichana yule aliutamka neno kwa neno kama ulivyo ubaoni kwangu. Huenda alifundishwa na mwalimu kama mimi. Nilimshukuru, ndiyo desturi yetu, tunashukuru.

Ijumaa, 6 Juni
Idi kubwa. Nimeswali Bodo. Baba alichinja, akatenga fungu la Mselem likatiwa kwenye friji ya jirani. Watu walikuja kumuuliza habari za mwanawe aliyewasomea Waarabu. Aliwaambia yupo, amepewa dhamana ya meli nzima. Ndivyo Mselem alivyomweleza, na si uongo. Nyama ilinishinda.

Bushra amejua, nimemwambia mimi. Zamani alikuwa akiniuliza Mselem anarudi lini. Leo alinivuta kando akaniuliza meli inauzwa lini. Rangi ya chumba imekwisha kukauka.

Jumanne, 10 Juni
Purity Tsuma hufundisha kompyuta hapa shuleni. Kwao ni Kinango na hana subira na machozi ya mtu. Jana alinikuta ofisini nimeinamia meza, akaniambia nimtajie jina la meli. Leo baada ya vipindi alinikalisha mbele ya kompyuta.

Meli ilipeperusha bendera ya kisiwa kimoja cha Karibi ambacho kwenye ramani ya darasani kimefunikwa na msumari. Purity alikuwa amewaandikia wenye bendera hiyo jana ileile na jibu lilikuwa limefika, mistari minne. Meli hiyo hawaijui. Haimo katika daftari lao wala haijawahi kuwamo. Bendera ilichorwa tu na wenye meli.

Mwenye meli ni kampuni yenye anwani ya sanduku la posta katika nchi nyingine. Kampuni hiyo imewekewa vikwazo na dola moja kubwa kwa sababu ilibeba mafuta ya dola nyingine isiyopatana nayo. Mtu yeyote akiinunua meli, au akimlipia mwenyewe madeni, vikwazo vinamshika naye. Purity aliisoma sehemu hiyo mara mbili kwa sauti, kisha akaifunga kompyuta.

"Mwanapili, hii meli hainunuliki," akasema.

Mselem hatoki mpaka iuzwe, na meli haiuziki mpaka wakubwa wawili wapatane. Nao hawajui kama kuna Bodo.

Alipopiga simu leo nilimweleza habari za mvua.

Jumatatu, 16 Juni
Redio inasema tangu Ijumaa nchi mbili za upande ule zinarushiana makombora. Si nchi aliyoko, lakini anga ni moja. Mahakama zao zimeahirisha kesi.

Jumanne, 17 Juni
Hakupiga.

Jumanne, 24 Juni
Hakupiga. Mvua imekatika, upepo wa kusi una baridi. Baba amemwita Bushra mara nne kuuliza kama simu ina chaji.

Ijumaa, 27 Juni
Nimesahihisha insha za kidato cha nne. Jumwa, msichana mwenye akili kuliko wote darasani na mwenye ubishi kuliko wote, amemaliza kila jibu kwa methali ya wapiganapo tembo nyasi huumia. Mara saba katika kurasa nne. Nilianza kuzifuta kwa kalamu, mwisho nikaziacha.

Jumanne, 1 Julai
Yu hai. Boti haikwenda wiki mbili. Alikinga umande wa usiku kwa turubai, haukutosha, akabaki na mapipa ya maji ya kuogea. Amekonda, anasema, suruali anaifunga kwa kamba. Alizungumza kama mtu aliyezoea kutosikilizwa. Aliniuliza Ummi anasimama? Nikasema anasimama akishika ukuta. Akauliza ukuta wa rangi gani.

Alhamisi, 3 Julai
Nimefanya jambo ambalo halimo katika maandalio. Nilifuta misingi sita, nikachora meli ubaoni. Nikawaambia kidato cha nne: kuna baharia Mkenya, ametia saini asichokielewa, hawezi kushuka. Nani amsaidie? Kila jibu nitalichorea mshale.

Walichangamka. Wakasema Kenya, nikachora, nikaeleza msingi wa tatu. Wakasema nchi yenye bendera, nikaeleza. Wakasema mwenye meli, mnunuzi, mahakama, Umoja wa Mataifa, na kila mmoja nilimwonyesha mshale unavyogeuka na kuelekea kwa mwingine. Dakika thelathini baadaye ubao ulikuwa umejaa chaki na hakuna mshale hata mmoja ulioingia melini. Walicheka kwanza. Baadaye hawakucheka.

Jumwa akasimama. "Mwalimu, kila mmoja hapo amefuata sheria. Sasa kosa ni la nani?"

Niliwaambia waandike hilo swali. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu, na mwalimu akikosa jibu huwaandikisha watu. Akabaki amesimama, akaniuliza kwa upole, "Huyo baharia ni nani wako?"

Kengele ililia, nikachukua kifutio na kwenda zangu.

Jumapili, 6 Julai
Baba amejua. Ni Bushra aliyemwambia, Ijumaa, alipomsikia tena akiwasikilizisha watoto ile sauti. Alimpokonya simu, jambo ambalo mke wa mwana hamfanyii mkwewe, akamweleza yote palepale mbele ya watoto.

Nilitarajia kumkuta Baba amelala. Nilimkuta chuoni. Nikakaa nje, upande wa wanawake, karibu na dirisha, nikasikiliza. Mtoto alikuwa anasoma, anasoma vizuri, hakuna kugongwa. Ghafla Baba akamsimamisha.

"Hapo panasema nini?"

Mtoto akairudia aya, akidhani amekosea.

"Sikusema usome. Nimekuuliza panasema nini."

Watoto wale hawajawahi kuulizwa hivyo na wote wakainamisha macho. Nilimwona Baba akiuangalia ule msahafu aliokaa nao miaka arobaini na mbili, na nikaelewa kwamba anamngoja mtoto amwambie. Mtoto hakujua. Baba akasema haya, endelea.

Ile chuki niliyotoka nayo Bongwe niliitafuta na sikuipata. Mtu hawezi kukupa asichopewa. Nimelia njia nzima ya kurudi na abiria mwenzangu amenipa leso.

Jumanne, 8 Julai
Mselem amepiga. Baba hakutaka kuzungumza naye.

Jumanne, 15 Julai
Baba hakutaka. Nairobi wameniandikia kwamba suala linashughulikiwa kwa njia za kidiplomasia. Nimeiweka barua pamoja na nyingine tatu zinazosema hivyo.

Jumatano, 16 Julai
Ummi amekwenda hatua tatu. Bushra ameirekodi lakini hajaipeleka. Anasema atangoja kwanza.

Alhamisi, 24 Julai
Mitihani. Swali la nne: Eleza misingi sita ya sera ya kigeni ya Kenya. Wasichana thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja wamepata alama zote. Mwalimu mkuu amenipongeza mkutanoni. Jumwa amepata zote pia, na chini ya jibu lake ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: Ameshuka?

Nilitia alama, nikaandika vizuri sana.

Jumanne, 29 Julai
Shule inafungwa Ijumaa. Nimeomba ruhusa, nimekuja Bodo tangu asubuhi, kwa sababu Baba alinipigia mwenyewe akasema Jumanne hii atazungumza na Mselem na anataka niwepo.

Alikuwa ametandika jamvi barazani na kuvaa kanzu ya Ijumaa. Simu ililia baada ya alasiri. Bushra akaiweka sauti ya juu, akaiweka jamvini, mbele ya Baba. Mselem akatoa shikamoo. Baba akaitikia marahaba, akamuuliza afya, akamuuliza maji. Halafu akasema:

"Ile karatasi unayo?"

"Ninayo, Baba."

"Nisomee."

Nadhani Mselem alitaka kukataa. Tukasikia karatasi ikikunjuliwa, na nyuma yake upepo wa huko. Akaanza. Bismillahi ilitoka nzuri, ndefu, kama tulivyofundishwa, na Baba akafumba macho. Kisha yakafuata yale mengine.

Sauti si ile ya Mei. Sasa anajua karatasi inasema nini, na alisita. Mstari wa tatu alijikwaa. Mkono wa Baba ukanyanyuka juu ya jamvi, kifundo cha kidole kimekunjwa, nami mtu mzima wa miaka thelathini na sita nikakaza mabega. Haukushuka. Ukabaki juu. Mselem akajikwaa tena, akaruka neno, akarudi, akaenda vibaya hata mimi niliyegongewa maisha yangu yote nikayasikia makosa. Baba akaushusha mkono taratibu, akauweka juu ya goti lake, akaushika kwa ule mwingine.

Mselem alisoma mpaka mwisho, mpaka jina lake mwenyewe. Hilo halikumshinda.

Ummi alikuwa ameshika mguu wa meza, anaitazama simu.

"Hukukosea," Baba akasema. "Hukukosea hata mahali pamoja."

Kisha Mselem akasema ahsante, Baba, boti inaondoka, akakata.